WANAOTUITA WALEVI, TUWAJIBU



Kila tukidai nyongeza ya mshahara, twajibiwa neno lile lile: "Mkiongezewa mtakwenda kunywa." Neno hili ni la zamani kuliko chama chetu, na hata leo lasikika Migwani, Kabati na Mwingi. Sasa tulijibu.

Hatuwatetei walevi. Ulevi upo, nao umevunja nyumba nyingi za Kitui na Makueni. Lakini mtu akitaja ugonjwa sharti aseme ulitoka wapi.

Wazee wetu wa Ukambani walikuwa na uki. Ulitengenezwa kwa asali na maji, ukachachushwa kwa tunda la mwegea, mti ambao Wakamba huuita muatini. Uki ulikuwa wa mahari, wa baraza, na wa kumwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia. Walionywa ni wazee. Kijana alipeleka kibuyu akarudi kwa mbuzi wake. Tena uki ulikuwa na mlinzi aliyeshinda askari, naye ni mvua. Mvua isiponyesha hakuna maua, pasipo maua hakuna asali, na pasipo asali mzee hulala na kiu.

Kisha ikaja kodi ya Serikali ya kikoloni, na mtu alilazimika kutafuta shilingi. Watu wetu wakaenda kufanya kazi Nairobi na Mombasa. Huko Nairobi, tangu miaka ya 1920, Baraza la Mji lilijiwekea peke yake haki ya kuwauzia Waafrika tembo katika kilabu cha Pumwani, na faida ikatumiwa kwa mambo ya mitaa ya Waafrika. Fahamuni hesabu hiyo: mfanya kazi alilipwa kidogo, halafu akalipia huduma zake mwenyewe kwa kunywa! Mwaka 1922 kiwanda cha Kenya Breweries nacho kikaanza. Na huku nyumbani sukari ya duka ikachukua mahali pa asali. Sukari haingoji mvua. Pombe ikapikwa mwaka mzima, ikauzwa kwa kikombe, na mwenye senti akawa sawa na mzee.

Baadaye zikaja sheria. Mwaka 1980 chang'aa ilipigwa marufuku kabisa. Je, watu waliacha? Hawakuacha, walijificha. Na penye giza mwenye tamaa hupata nafasi. Alitia methanoli, ambayo ni dawa ya viwandani, maana ni rahisi. Mwilini methanoli hugeuka asidi ambayo hupofusha macho, halafu huua. Nairobi, Novemba 2000, walikufa watu zaidi ya 130. Machakos, Juni 2005, walikufa wapatao 50. Mei 2014 walikufa zaidi ya 80 katika Embu, Kiambu, Kitui, Makueni na kwingineko. Wengi wao walikuwa watu wa kibarua.

Sheria ya 2010 iliruhusu chang'aa iliyotengenezwa vizuri na kutiwa katika chupa ya kioo. Lakini mama anayepika kwa sufuria moja atapata wapi kiwanda cha chupa? Basi yeye hukimbizwa, na aliyeleta pipa la sumu hatumwoni kizimbani mara nyingi.

Tazameni pia habari ya keg. Ilianza 2004 ikiwa imeondolewa kodi, kusudi maskini aache sumu anywe kitu safi. Ikatengenezwa kwa mtama pia, na wakulima wa Ukambani wakapanda mtama wa gadam kwa ajili yake. Mwaka 2013 Serikali ikarudisha nusu ya kodi. Mauzo yakaanguka sana, na mkulima akabaki na magunia. Mwaka uliofuata ndio wa vifo vile vya Mei. Hatusemi kodi ndiyo iliyoua. Aliyeua ni mtia sumu. Lakini anayemfungia maskini mlango wa kitu safi ajue ni mlango gani unaobaki wazi.

Sasa turudi kwa wanaotutukana. Mwaka 2022 NACADA ilieleza kwamba katika kila watu wanane wa miaka 15 hadi 65 nchini, mmoja ndiye mnywaji. Basi saba hawanywi. Tunauliza: hao saba wameongezewa mshahara?

Tena Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 44, yamruhusu mwajiri kumfukuza mara moja mtu aliyelewa kazini. Kifungu hicho waajiri wanakijua kwa moyo. Kifungu cha 17 cha sheria hiyo hiyo chakataza kulipa mshahara mahali panapouzwa pombe, ila kwa wafanya kazi wa hapo. Hicho mbona wengine hawakikumbuki, wakawaita vibarua jioni walipwe mlangoni pa baa?

Basi tunadai:

1. Mshahara ulipwe siku yake, saa za kazi, mahali pa kazi.
2. Msako uanze kwa mwenye methanoli, si kwa mama mwenye sufuria.
3. Kodi ya pombe ya mtama isipandishwe bila kumfikiria mkulima na mnywaji maskini.

Na ninyi, ndugu, mna wajibu wenu. Msinywe kitu msichokijua kilikotoka. Mwenzenu akilalamika kwamba haoni vizuri baada ya kunywa, msimlaze. Mpelekeni hospitali saa ile ile. Na mtu asiseme hana ada ya chama hali ana deni la baa. Mwajiri hamwogopi mfanya kazi aliyelewa. Humwogopa aliye macho, mwenye kadi mfukoni na wenzake ubavuni.

UMOJA NI NGUVU.