Usiache Tembe za Sukari kwa Ajili ya Chupa ya Sokoni

Ikiwa wewe au mzazi wako mmepimwa majuzi mkaambiwa mna kisukari, na hapa Kanja au kule Runyenjes mmekutana na muuzaji anayeahidi kumaliza sukari kabisa, nawasihi msiache tembe za hospitali. Msiache hata kwa wiki moja ya kujaribu. Na anayedungwa insulini asithubutu kabisa, kwa kuwa akiiacha anaweza kufa katika muda wa siku chache.

Biashara yenyewe mnaijua. Siku ya soko, pikapi yenye spika, chupa ya soda iliyooshwa ikajazwa maji ya kahawia. Haina jina la aliyeitengeneza, haina tarehe, haina maelezo ya kilichomo. Pamoja na chupa hutolewa masharti: usiichanganye na dawa za hospitali, na kwa wiki mbili usiguse chapati, mandazi, soda wala chai ya sukari. Baada ya siku kumi mama anapimwa, sukari imeshuka, na sifa zote zinaiendea chupa.

Tazameni masharti hayo vizuri. Mtu aliyekuwa akinywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, akiacha ghafla na kuachana na chapati, sukari yake itashuka hata akinywa maji ya mto. Chakula ndicho kilichofanya kazi. Tena wengi hukutana na muuzaji wakiwa wameshameza metformini, tembe ya hospitali ya kisukari, kwa wiki kadhaa, na nguvu yake bado haijakwisha mwilini. Kisha wiki mbili zinapita, masharti yanalegea, tembe zimeshafungiwa kabatini, na sukari inapanda upya bila kelele. Kisukari cha aina ya pili hakiumi mwanzoni. Mtu anaenda shambani kama kawaida huku macho, figo na mishipa ya miguu ikiharibika. Mchuma chai ambaye nyayo zimekufa ganzi anaweza kushinda kutwa na kijiwe ndani ya gambuti asihisi kitu, akaona damu kwenye soksi jioni. Vidonda vya namna hiyo ndivyo huishia kwenye kukatwa mguu.

Afrika Mashariki tumeyaona haya kwa macho yetu. Mwaka 2011 maelfu ya watu, Wakenya wengi wakiwemo, walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500 za Tanzania. Kikombe kilisemekana kutibu kisukari, ukimwi, saratani na shinikizo la damu. Msongamano ulikuwa mkubwa hadi yeye mwenyewe akaomba watu wasije kwa muda. Kuna waliorudi nyumbani wakaacha dawa zao wakiamini wamepona, na wengine walizikwa.

Iko hatari ya pili, nayo hutisha zaidi kwa sababu chupa au poda yenyewe huonekana kufanya kazi kweli. Baadhi ya "mitishamba" ya sukari duniani imepimwa maabara ikakutwa na dawa za hospitali zilizofichwa ndani, hasa glibenklamaidi, tembe inayoshusha sukari kwa nguvu. Mwaka 2008 huko Singapore, watu wapatao 150 wasio na kisukari walilazwa sukari zao zikiwa zimeanguka vibaya. Baadhi yao walikiri kutumia dawa bandia za nguvu za kiume, na nyingine zilikutwa zimetiwa glibenklamaidi. Wanne walikufa, wengine wakabaki hawajitambui. Mgonjwa wa kisukari anayemeza kitu kama hicho juu ya tembe zake anajiweka pabaya, na mtu anayetumia metformini peke yake ni nadra sukari yake kushuka kupita kiasi. Kwa hiyo akizirai kwa sukari kushuka baada ya kunywa chupa ya sokoni, ishukuni ile chupa.

Najua kwa nini watu huziacha tembe. Metformini huvuruga tumbo wiki za kwanza, mtu akaharisha, akaambiwa na jirani kwamba zinaua figo. Zimeze pamoja na chakula, na ukizidiwa rudi kliniki wakupunguzie kipimo kisha wakipandishe polepole. Figo huuawa na sukari iliyoachwa juu. Daktari hupunguza au kusimamisha metformini kwa mtu ambaye figo zake tayari zimedhoofika, na ndiyo sababu hupimwa damu mara kwa mara.

Upande wa chakula, makosa mengi ninayoyaona yanatoka kwa watu wanaojitahidi. Ameacha ugali mweupe, lakini anakula sahani nzima ya nduma na viazi vitamu kwa sababu ni "chakula cha asili". Ameacha sukari, akaweka asali. Anakunywa uji wa wimbi vikombe viwili asubuhi. Vyote hivyo ni wanga au sukari, na vyote hupandisha. Nduma si haramu, kinachotakiwa ni kipimo. Nusu ya sahani iwe mboga: sukuma wiki, terere, managu, kabichi. Robo iwe maharagwe, njahi, yai, samaki au nyama. Robo inayobaki ndiyo ya ugali, mukimo au nduma, usiweke aina mbili. Githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi ni chakula kizuri sana. Embe kula kipande, juisi yake iache.

Na pima, maana kupima ndiko kutakuokoa na maneno ya watu. Osha mikono kwa sabuni uikaushe. Kidole kilichomenya embe hudanganya mashine. Dunga ubavuni mwa kidole, usiazime sindano ya mtu, na kopo la stripi lifunge kila mara. Pima asubuhi kabla ya kula, siku nyingine pima saa mbili baada ya chakula, uandike kwenye daftari namba na ulichokula. Kwa wengi, asubuhi lengo ni kati ya 4 na 7 (mmol/L), na baada ya kula isizidi 10, ingawa mzee anaweza kupangiwa namba zake. Mukimo ukikupandisha hadi 14, hutahitaji mtu wa kukuhubiria. Usiye na mashine, muulize mhamasishaji wa afya wa kijijini kwako: mabegi waliyokabidhiwa na serikali tangu Septemba 2023 yalipangiwa kuwa na mashine ya sukari.

Wako wanaofikia kuacha dawa kwa haki. Utafiti uliotangazwa Uingereza mwaka 2017 ulionyesha kwamba karibu nusu ya waliopunguza chakula na uzito kwa mpango maalumu sukari yao ilikuwa imerudi chini bila tembe baada ya mwaka mmoja. Lakini tembe zao zilisimamishwa na wahudumu wa afya, nao wakaendelea kupimwa.

Kama nyumbani kuna aliyekwisha kunywa chupa hiyo, mpime leo. Akiwa chini ya 4, akitetemeka, akitoka jasho baridi au kuongea ovyo, na bado anameza, mpe vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, mpime tena baada ya dakika 15, kisha ale. Asiyejitambua usimtie kitu mdomoni, mkimbize Runyenjes au Hospitali ya Level 5 ya Embu. Hata akizinduka njiani msigeuze gari, kwa kuwa glibenklamaidi huweza kuiangusha sukari tena saa nyingi baadaye. Anayetapika, anayehema kwa nguvu au mwenye sukari isiyoshuka naye aende siku hiyo hiyo. Chupa msiitupe wala msiifiche kwa aibu. Mkabidhini daktari pamoja na tembe alizokuwa akimeza.