Klingon Ina Kozi, Dholuo Haina, na Bado Mnacheka Katuni

Wasee, fungueni Duolingo sasa hivi. Kiswahili mtakipata, kiko huko tangu 2017. Shukeni chini mkutane na Klingon, lugha ya viumbe wa Star Trek ambao hata hawapo. Sasa tafuteni Dholuo. Tafuteni Gĩkũyũ. Sensa ya 2019 ilihesabu Waluo zaidi ya milioni 5 na Wakikuyu zaidi ya milioni 8, na yule bundi wa kijani hana habari nao.

Bundi simlilii. Nakuja kwenu nyinyi wa hapa Nairobi mnaotengeneza apu za lugha za nyumbani. Kila moja niliyojaribu ni orodha: wanyama, rangi, hesabu moja mpaka kumi. Buda, nani huenda ushago kumwambia shosho "kijani, tembo, saba"? Wengi wetu tuliozaliwa mtaani, lugha ya shosho ndiyo lugha ya pili. Mimi na wangu tunaongea kwa tabasamu na chai.

Wekeni katuni. Si eti ndio ipendeze. Orodha haiwezi hii kazi. Chukua neno "pole". Apu inampa mgeni neno la Kiingereza la kuomba msamaha, halafu anabaki akishangaa: mbona mama mboga ananiomba msamaha na ni mimi nimejikwaa? Sasa chora. Jamaa anapanda ngazi na mtungi wa maji lita 20, jasho linamtoka. Jirani anapita, kiputo: "Pole." Jamaa: "Asante, nishazoea." Imeisha, hakuna maelezo. Hata "hapa, hapo, pale" ni hivyo tu, picha inakuonyesha kitu kiko karibu na nani.

Kabla sijaacha chuo, mhadhiri mmoja alituambia katuni ni za watoto na zinaharibu lugha. Na Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo, miaka yote hiyo alikuwa anasomwa na watoto pekee? Shujaaz ilianza 2010, kwa Sheng, ikashinda Emmy ya kimataifa. Kule Japani, manga za vijana huandika herufi ndogo za matamshi kando ya zile ngumu, kwa karatasi tu. Simu inakupa zaidi: gusa kiputo, sikia sauti.

Na hiyo sauti iwe ya mtu, tafadhali. Dholuo na Gĩkũyũ ni lugha za toni, na toni haiandikwi. Ukisoma kwa macho pekee utasema kitu kingine kabisa mbele ya wazee.

Lakini msichukue mazungumzo ya kitabu cha shule mkayabandika vichwa. "Habari ya asubuhi, Bwana Otieno" haimrudishi mtu kesho. Nipe landlodi anabisha mlango na kodi haijalipwa, kisha ukatie hapo. Chora nyeusi na nyeupe, picha nyepesi, niipakue kwa Wi-Fi, isinimalizie bando.

Wachoraji msiseme hawapo. Wanaopamba nganya za Rongai mnawaona kila siku. Walipeni. Vile viputo viandikwe na mtu anayeota kwa hiyo lugha, si mashine ya kutafsiri. Naye alipwe pia, na si kwa "tutakutangaza".