Laki Moja ya Staa na Vichwa 11 vya Kipawa

Staa mmoja wa kike wa Bongo Movie, jina kapuni, kaachia video Jumapili iliyopita akiwa na wanawe wawili kwenye bustani ya michezo ya maji. Mtoto mmoja anateleza kwenye bomba, mwingine anakula aiskrimu kubwa kuliko uso wake, mama mtu kavaa miwani nyeusi na tabasamu la meno yote. Mpaka hapo hakuna kesi, kila mzazi ana haki ya kula bata na wanawe. Kesi imeanzia kwenye maneno aliyoyaweka chini ya video: "Jamani wazazi, tuache visingizio. Laki moja tu unatoka na familia, watoto wanaenjoi siku nzima. Hela si tatizo, tatizo hamjui kupanga."

Hamjui kupanga. Hapo ndipo dada alipoteleza kuliko mwanawe kwenye bomba.

Ungetegemea mashabiki wamshike shati, lakini wapi. Makofi, mioyo, "waambie mama". Msanii mmoja wa Bongo Fleva, naye jina kapuni, mwenye watoto kwa mama watatu tofauti na hajawahi kuonekana na hata mmoja wao mahali penye maji, kadandia treni kwa mbele: "Umaskini ni akili." Akapata likes elfu kadhaa. Mjini hapa mtu akishapata wafuasi anapata na shahada ya uchumi papo hapo.

Sasa huko kupanga kwenyewe ni kupi? Kipawa, kata iliyobanana na Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, sehemu ambayo wakazi kibao walishahamishwa kupisha upanuzi wa uwanja huo, kuna mama mmoja mwenye genge la nyanya na mbogamboga. Mumewe ni fundi wa kuchomelea mageti. Ndani ya nyumba wapo wao wawili, bibi mzaa baba, watoto wao wanne, watoto watatu walioachwa na marehemu dada yake, na mdogo wake wa mwisho aliyeletwa Dar kusoma. Jumla vichwa 11. Burudani ya bure ya watoto hao ni kuhesabu ndege zinazopita juu ya bati, na tangu jengo la tatu la abiria lifunguliwe mwaka 2019 wameshajua kutofautisha ndege za mashirika kwa rangi za mikia.

Mwezi wa kwanza mama huyo alinunua kibubu. Kila jioni akifunga genge anatumbukiza buku. Siku biashara ikichacha anaruka, kesho anafidia. Lengo lilikuwa likizo ya Juni, watoto wote wapelekwe kwenye mabomba ya maji ambayo kila siku wanayaona kwenye simu ya jirani. Kibubu kilipovunjwa kilitoa 146,000. Kwa mwenye genge hiyo ni hela ndefu, na imekusanywa bila mkopo wala mchango wa mtu.

Halafu ikaja hesabu. Dar bustani za maji zinazojulikana zaidi ziko Kunduchi na Kigamboni. Akachagua upande wa Kunduchi. Kutoka Kipawa ni daladala mpaka Mwenge, unaunga nyingine ya Tegeta, unashuka Mtongani, kisha bajaji. Nauli za LATRA za Desemba 2023 zinaanzia shilingi 600. Mtoto wa miaka mitatu atapakatwa, kwa hiyo wanaolipa ni kumi. Hata kama kila kipande kingehesabiwa kwa nauli hiyo ya chini kabisa, na safari yenyewe ni ndefu kuliko hapo, kwenda na kurudi ni 24,000. Kuna atakayesema mwanafunzi hulipa 200. Kweli, ila kwa konda mwanafunzi ni sare. Mtoto aliyevaa gauni la sikukuu Jumamosi asubuhi ni abiria kama abiria wengine, na ole wake anayebisha mlangoni huku foleni ya Tazara inanguruma nyuma.

Chakula nacho. Sehemu nyingi za starehe mjini zina lile bango la vyakula na vinywaji kutoka nje haviruhusiwi. Hotipoti la pilau linapekuliwa getini utadhani limebeba bunduki. Basi chipsi kavu, hata kwa bei ya mtaani ya 2,000, kwa watu 11 ni 22,000, na hapo hakuna soda wala mshikaki. Toa nauli, toa chipsi, kwenye 146,000 inabaki laki moja kamili.

Laki moja ileile ya staa!

Ila laki ya staa ilikwenda na watu wanne: yeye, wanawe wawili na dada wa kazi aliyeshika simu akirekodi. Kila mmoja 25,000. Laki ya Kipawa ikigawanywa kwa 11, kila kichwa kinapata 9,090 na vijisenti. Hapo upangaji hauna kosa lolote, ni kugawanya tu kwa darasa la nne. Kila shilingi 1,000 inayoongezwa kwenye kiingilio, kwa staa ni 4,000, kwa mama wa genge ni 11,000. Mama alipopiga simu kuulizia bei ya wikiendi, hela ikawa inatosha watu saba, na bajaji wasahau.

Saba kati ya 11. Ndio maana stori hii haichekeshi. Usiku baba watoto akasema kwa sauti ya chini, "Bora waende wa kwetu na mdogo wako. Hawa wengine watakwenda mwakani." Hakusema kwa roho mbaya, alikuwa anapiga hesabu kama fundi anavyopima bomba lisilotosha geti. Lakini nyumba za uswazi kuta zake ni za kusikilizana. Asubuhi mtoto mkubwa wa marehemu, miaka 13, akamfuata mama mdogo wake anafagia akamwambia, "Mama mdogo, mimi maji siyapendi. Nitabaki na bibi." Mtoto huyo mvua ikinyesha ndiye wa kwanza kutoka nje na bukta, na ndiye wa mwisho kurudi ndani.

Mama akaweka fagio chini. "Haendi mtu."

Huyo ndiye anayeambiwa na mtu mwenye pete ya puani kwamba hajui kupanga.

Wajuaji wa mitandaoni wana jibu lao, wameshalichapa sana: nani aliwatuma kuzaa timu ya mpira? Wasome tena hesabu. Waliozaliwa ndani ya nyumba ile ni wanne. Watatu waliachwa na kifo, mmoja aliletwa na shule ambayo kijijini haikuwepo. Nusu ya Dar imekulia kwenye nyumba za namna hiyo, na kinachouma zaidi, staa mwenyewe akihojiwa kwenye redio hulia machozi akisimulia alivyolelewa na shangazi yake, nyumba ya watu tisa, vyumba viwili. Angekumbuka siku hizo shangazi angehitaji laki ngapi.

Halafu kuna hili la nani alilipa. Video ya sekunde arobaini imetaja ukurasa wa bustani mara tatu, na mwishoni ikatokea namba ya kuweka oda ya sherehe za kuzaliwa. Mzazi gani anakwenda kuogelea na wanawe anakumbuka kusoma namba ya oda? Hilo lina harufu ya tangazo mpaka kwenye kona ya skrini. Tangazo si dhambi, watu wanakula kwa kazi hiyo. Ila mtu aliyeingia bure akimhubiria aliyevunja kibubu kuhusu nidhamu ya fedha, huo ni usanii wa kiwango ambacho hata filamu zake hazijawahi kufikia. Uingereza mtu maarufu akilipwa au akipewa huduma bure ili aisifie, anatakiwa aandike wazi kuwa ni tangazo. Neno moja tu. Lingemwondolea mama wa Kipawa usiku mzima wa kujiona mzembe.

Kujiona mzembe kuna bei, na mastaa hawaioni kwa sababu hawailipi wao. Mtaani wapo wazazi waliokwenda kwenye mikopo ya kausha damu kwa ajili ya nguo na matembezi ya sikukuu, wakarudi na picha nzuri na deni linalogonga mlango kila Ijumaa. Wengine huwapa watoto nauli wakajitafutie furaha wenyewe. Watoto wasiofika kwenye mabomba ya maji hawalali nyumbani siku ya Idd, wanakwenda wanakopaweza. Tarehe 1 Oktoba 2008, sikukuu ya Idd, Tabora, watoto walijazana kwenye ukumbi wa disko kwa sababu ndiyo burudani iliyokuwa saizi ya mfuko wa mzazi. Takriban watoto 20 walikufa humo kwa msongamano na kukosa hewa. Tangu hapo sikukuu zikikaribia polisi hutangaza marufuku ya disko toto na kuwakumbusha wazazi wasiwaachie watoto peke yao fukwe za Coco. Sawa kabisa. Ila marufuku imekuja bila bembea. Disko limefungwa, uwanja wa wazi umejengwa fremu za maduka, na anayebaki kusimulia watoto waende wapi ni staa na laki moja yake.

Mama wa Kipawa alipata pa kuwapeleka. Jumamosi iliyofuata wote 11 walipanda daladala mpaka Posta, wakavuka na pantoni kwa 200 kila mmoja, wakatembea kwa miguu mpaka ufukweni Kigamboni, pilau likiwa ndani ya hotipoti bila kupekuliwa na mtu. Nauli na pantoni, kwenda na kurudi, havikufika 20,000. Kwa watoto pantoni lenyewe lilikuwa nusu ya sherehe, wale wadogo waligoma kushuka. Mtoto asiyependa maji aliingia baharini saa nne asubuhi, akatolewa saa kumi kwa kuvutwa mkono.

Na asije mtu akadakia, "Si mnaona, inawezekana!" Ufukwe ule hauna mwokoaji, choo ni cha kuomba kwa jirani mwenye baa, na bibi wa watu hakuonja hata bahari yenyewe. Alikaa chini ya mvinje kutwa nzima akihesabu vichwa vinane kwenye mawimbi, akifika saba anasimama. Siku ya kupumzika kwa bibi ilikuwa ya kazi ngumu kuliko siku ya genge. Familia kuokoa hela kwa kubahatisha uhai wa watoto ni jambo ambalo halitakiwi kuitwa kupanga.

Wenye bustani nao hawajalala usingizi wa haki. Ni biashara, wana mabomba ya kusafisha na mishahara ya kulipa, hilo halibishaniwi. Lakini shule ikileta watoto kwa basi huwa wanakaa mezani kuongea bei ya kundi. Kundi la damu moja linakosa nini? Hata Disney, ambao kwa kutoza hela hawana aibu, mtoto chini ya miaka 3 anaingia bila tiketi. Familia ya Kipawa ingeingizwa siku ya Jumanne ya likizo, wakati mabomba yanamwaga maji bila mtu, kwa bei ya kundi na ruhusa ya hotipoti moja, bustani ingepata laki ambayo sasa haikuipata kabisa. Mama alikuwa nayo mkononi. Ilirudi genge ikanunua matenga ya nyanya.

Manispaa hazihitaji hata hesabu hiyo. Mwembe Yanga kule Temeke na Biafra pale Kinondoni uwanja upo, na msimu wa kampeni jukwaa na spika zenye kutikisa vifua vinafika kwa wakati. Bembea nne, bomba moja la kutelezea na mlinzi wa kuwaangalia watoto sikukuu haviwezi kuwa ghali kuliko hizo spika. Kipawa kwenyewe, ukitoa uwanja wa ndege, uwanja wa mtoto kuchezea ni wa kutafuta kwa tochi.

Staa naye hakuombwa aache kupost. Apost, ateleze, ale na aiskrimu. Video ijayo aongeze vitu viwili tu: wamekwenda vichwa vingapi, na nani kalipa. Kuna binti aliuliza hivyohivyo Jumapili ileile chini ya video, kwa adabu zote: "Dada yangu hongera, wamependeza. Samahani, getini ulilipa shilingi ngapi?" Swali lilikaa kama dakika kumi na tano, likapata likes kuliko video yenyewe, likafutwa. Binti kapigwa bloku.