Zulia la buluu halifundishi mtoto

Hapa Guangzhou, mzazi akitafuta klabu ya mpira wa magongo hutazama kwanza zulia la buluu la uwanja na taa. Mimi nauliza vilinda meno na vilinda ugoko viko wapi, maana mpira wenyewe ni mgumu, gramu zaidi ya 150. Kisha namtazama kocha: mtoto akikosea, anamwelekeza au anamtoa? Zulia silo linalomfanya mchezaji: Kenya ilishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la 1971, Barcelona, enzi za nyasi. Zulia liliingia Olimpiki 1976. Na ada nalipa kwa mwezi. Anayedai ya mwaka mzima kabla mwanangu hajashika gongo, namuaga palepale.