Nani Atatusomea Vyeti?

Sisi wakazi wa Kisutu na Mchafukoge, hapa Dar es Salaam, tumechoka kunyamaza. Maduka ya dawa ya mtaani, yale ambayo mwenye duka hukaa kaunta mwenyewe, yanafungwa moja baada ya jingine, na nyumba zilizoyabeba zinavunjwa.

Nyumba zenyewe mnazijua: duka chini, familia juu, roshani inayowapa kivuli wapita njia, na juu kabisa jina la aliyejenga pamoja na mwaka. Ndani, makabati ya vioo hadi darini na kaunta ya mvule iliyolika pale watu wanapoegemea. Mzee mwenye duka alipokea cheti, akausoma mwandiko wa daktari uliotushinda sote, akahesabu vidonge kwa kisu butu juu ya sinia, akavitia kwenye bahasha ya kaki na kuandika 1x3. Hakukuruhusu uondoke mpaka urudie maelekezo kwa mdomo wako. Pesa zikipungua, aliandika daftarini. Mtoto akishikwa na homa usiku, uligonga, naye akateremka.

Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na baadaye yakaangukia mikononi mwa Shirika la Nyumba la Taifa. Kodi ilikuwa nafuu, ndiyo maana duka dogo liliishi. Halafu ukaja ubia wa Shirika na wajenzi binafsi, kiwanja kikawa na bei kubwa kuliko nyumba. Hata ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilipoanguka tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu zaidi ya 30, ubomoaji haukukoma.

Leo tunaelekezwa kwenye famasi za kampuni zenye matawi kila kona. Vijana wa mle ni wastaarabu, hatuwalaumu, lakini leo yuko huyu, kesho yule. Nani kati yao anajua kwamba bibi wa ghorofa ya pili ana presha, na diklofenaki anayoomba kwa ajili ya magoti inaweza kuipandisha? Mzee alijua, akamkatalia.

Tunataka hivi: anayepewa kibali cha kujenga aubakize uso wa nyumba ya zamani, na chumba cha chini apewe kwanza mfamasia aliyekuwapo, kwa kodi anayoimudu. Na kabla kibali hakijatoka, tuitwe kwenye mkutano wa mtaa tuulizwe.