Mizani Huanzia Chekechea

Mwisho wa mwaka umewadia, na watoto wa miaka minne wamevishwa majoho. Mjukuu wangu ni mmoja wao. Amemaliza mwaka wa kwanza wa chekechea katika shule ya mchepuo wa Kiingereza hapa Tanga, akapewa cheti chenye picha yake na ripoti yenye vipengele kumi na viwili, vyote kwa Kiingereza: anatambua rangi, anahesabu hadi hamsini, anataja siku za wiki, anajua kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Kila kipengele kimewekewa alama ya vyema. Nimeisoma ripoti hiyo mara mbili, kwa mazoea ya mtu aliyejaza ripoti za wanafunzi wa sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, nikaona kwamba haina mahali panaposema lolote kuhusu Kiswahili cha mtoto huyu. Hakupewa alama mbaya. Lugha anayoiota usiku haikutengewa hata mstari mmoja.

Nayaandika haya kwa malenga na wapenzi wa lugha, si kwa wizara wala kwa wenye shule. Tumezoea kulalamika kwamba vijana hawajui vina, hawasikii mizani, na wakishindwa husingizia ushairi huru. Lawama hizo huwa tunaziangushia kidato cha tatu, mahali ambapo mimi nimezipokea kwa miaka mingi. Naona tumechelewa kwa miaka kumi na miwili. Sikio la mizani hujengwa katika chumba kile chenye viti vidogo, na malenga wa Kiswahili hatumo chumbani humo.

Kwanza niseme kwamba sina ugomvi na joho. Wapo wazee wenzangu wanaocheka kuona mtoto ambaye hajui kufunga kamba za viatu anaambiwa amehitimu. Lakini neno lenyewe lilianzia kwa wadogo. Kuhitimu na hitima ni ndugu, na huku pwani aliyehitimu alikuwa mtoto aliyekamilisha msahafu chuoni, akafanyiwa sherehe, akatembezwa kwa furaha. Chuo nacho, kabla ya kupanda cheo na kuwa chuo kikuu, kilikuwa ukumbi wa nyumba ya mwalimu, mkeka, na watoto wanaotikisika huku wakisoma. Basi joho la chekechea limerudisha neno nyumbani kwake, ingawa walioshona joho hawakukusudia hivyo.

Sasa nitazame mwaka wenyewe. Ripoti haisemi, lakini mimi niliyekaa naye kila jioni najua alichokifanya mtoto huyu kwa Kiswahili chake katika miezi ile, na ni kikubwa kuliko kuhesabu hadi hamsini. Siku moja alinijia na simu ya mama yake mkononi: "Babu, nionyeshe kideo kimoja tu." Mama yake akacheka, akamsahihisha. Mimi niliweka miwani chini. Mtoto huyu amesikia vijiko na kijiko, viatu na kiatu, vikombe na kikombe; amesikia na video; akahukumu kwamba haiwezekani vitu hivyo viwe vingi bila kuwapo kimoja. Hakuna aliyemfundisha ngeli. Na hukumu yake ndiyo ile ile ya waliotutangulia. Neno kitabu lilitujia kutoka Kiarabu likiwa na "ki" ambayo ni sehemu ya mzizi, haina habari na ngeli zetu. Wazee wakaichukua ile "ki", wakaitia kazini, tukapata vitabu. Mafundi wa magari walifanya vivyo hivyo waliposikia jina la Kiingereza la madigadi, wakaona lazima ipo digadi moja. Kanuni iliyounda msamiati wetu kwa karne kadhaa inafanya kazi kichwani mwa mtoto wa miaka minne kati ya uji na usingizi wa mchana. Ripoti ya shule ingeweza kuwa na mstari mmoja kwa ajili ya hilo.

Jambo la pili ni makofi. Tuna mchezo wa kupiga makofi kwa majina: kila silabi kofi moja. Tulianza na majina ya watu wa nyumbani, tukaingia jikoni, tukatoka uani. Sufuria, makofi manne. Mwiko, makofi mawili. Nilimtegea kwa makusudi neno mmea. Akapiga matatu: m, me, a. Hakusita. Wenzangu mliofundisha ushairi mtajua kwa nini nilisimama. Mwanafunzi wa kidato cha tatu, kijana mwenye ndevu, akipewa mshororo wenye mmea au mtu, atahesabu kwa ncha ya kalamu na kukupa pungufu ya silabi moja, kwa kuwa anatafuta irabu kwa macho, na "m" haina irabu. Atabishana nawe. Kisha atatunga beti zenye mizani saba na tisa na kushangaa kwa nini haziimbiki. Mjukuu wangu hajui irabu ni nini. Anasikia tu kwamba "m" ile inashika pumzi yake yenyewe. Vivyo hivyo mbwa humpigia mawili na mbili humpigia mawili, ingawa kwa macho zinaanza sawa: ya kwanza ni m na bwa, ya pili ni mbi na li. Jaribuni na watoto wenu. Hilo ndilo sikio ambalo sisi huja kulitafuta baadaye kwa chaki na rula, likiwa limekwisha kuzibwa.

Linazibwa na nini? Nitasema bila kuzunguka. Kiingereza huimba kwa mkazo. Silabi zisizo na mkazo humezwa nusu, na uzuri wake umo humo. Kiswahili huipa kila silabi haki yake, na mkazo wetu hukaa palepale, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto aimbaye Kiingereza asubuhi nzima hapotezi kitu, ikiwa jioni ana cha kwake cha kuimba. Balaa huja pale shule inapotaka wimbo wa Kiswahili, ikakosa, ikachukua tuni ya kigeni na kuibandika maneno yetu. Hapo samaki huimbwa na mkazo kwenye "ki", na maneno huburutwa au kubanwa ili yatoshe. Mtoto huutii wimbo. Akiimba hivyo kila asubuhi kwa mwaka mzima, lile sikio lililoijua "m" ya mmea huanza kusitasita.

Na herufi je? Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina sauti moja isiyobadilika. Ni neema kubwa kwa mwalimu wa darasa la awali. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kuitumia neema hiyo kwa ba, be, bi, bo, bu, na mtoto aliyezishika silabi hizo alisoma mbio. Mjukuu wangu amefundishwa kwamba "i" inaitwa ai na "e" inaitwa i. Nilimwandikia kiti, naye akakisoma kaitai, kwa furaha kabisa. Hakuna kosa lake hapo. Amefuata alichopewa.

Nilimweleza binti yangu, mama wa mtoto, haya yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Baba, wewe mwenyewe umefundisha sekondari. Uliwaona wanaotoka shule za Kiswahili wanavyokaa kimya kidato cha kwanza. Unataka wangu naye akae kimya?"

Swali hilo si la kupuuza, na kila mwandishi anayetetea Kiswahili katika elimu analo deni la kulijibu kabla hajapanda jukwaani. Ni kweli niliwaona. Masomo mengi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na nimeona watoto werevu, waliokuwa wakijibu kabla swali halijaisha, wakigeuka mabubu kati ya Desemba na Januari. Mzazi anayelipa ada ili mwanawe asipitie hayo hana kasumba. Anaiangalia njia iliyopo na kumvalisha mtoto viatu vya njia hiyo. Nilimwambia binti yangu kwamba namwelewa, na kwamba simwombi amhamishe mtoto. Ninachokikataa ni kuamini kwamba miaka minne ni umri wa kuchagua lugha moja na kuiacha nyingine mlangoni pamoja na viatu. Mtoto mwenye vitendawili kichwani hatakuwa mjinga wa Kiingereza kwa sababu ya vitendawili.

Ila hapa pana mabadiliko ambayo nadhani hatujayapima. Sisi hakuna mtu mzima aliyetufundisha kuitikia "Tega!" tukisikia "Kitendawili!" Tulifundishwa na watoto waliotuzidi miaka mitatu au minne, uani, jua likizama. Mkubwa akisema "Nyumba yangu haina mlango," mdogo alikuwa akinyamaza msimu mzima kabla hajathubutu kusema yai. Mchezo wa ukuti ulishuka kwa njia hiyo hiyo, mtoto kwa mtoto. Chekechea imevunja mnyororo huo bila ubaya wowote. Imewakusanya watoto wa rika moja katika chumba kimoja, basi la shule linawarudisha saa kumi wakiwa hoi, na ua una ukuta na geti. Mkubwa pekee aliyebaki katika siku ya mtoto ni mwalimu wa bebi klasi. Asichokuwa nacho yeye, mtoto hakipati. Na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, yaani kila mtoto wa nchi hii atarajiwe kupita chumbani humo. Hakuna gazeti, redio wala tamasha lililowahi kumpa malenga hadhira ya namna hiyo.

Tumeipa nini hadhira hiyo? Mapokeo yetu ya mzazi kumtungia mtoto ni marefu na ya fahari. Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye utendi mnamo 1858, akiwa mgonjwa. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga hii hii, alimwandikia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Ni kazi ambazo nimezifundisha na kuziheshimu. Lakini zote ni wasia. Wasia unamngoja mtoto akue. Sisi tuliofuata tumeendelea kutoa wasia: soma kwa bidii, tii wazazi, epuka makundi. Mtoto wa miaka minne akitungiwa na malenga wa leo huambiwa elimu ni bahari, ilhali yeye anataka kujua kuku anafanya nini juu ya mayai. Bembezi tunazo, za kumlaza mchanga. Wasia tunao, wa kumwonya kijana. Katikati hapo, kati ya miaka mitatu na sita, palipokuwa na watoto wa uani, pamebaki patupu, na tuni za kigeni zimeingia kwa sababu mlango ulikuwa wazi.

Kuna dhana, sijui ilitoka wapi, kwamba kumtungia mtoto mdogo ni kazi ndogo. Ijaribuni. Hakuna maneno ya kale ya kukusaidia kufikisha kina, hakuna inkisari wala tabdila ya kujifichia, maana mtoto akisikia neno limekatwa atauliza lililobaki liko wapi. Mshororo wa mizani nane unamtosha kwa pumzi moja. Huu nimemtungia wangu kwa umbo la utenzi:

Kuku wetu katotoa
Makaka kayabomoa
Mmoja ana madoa
Tisa wote ni weupe

Makaka, ya yai, aliyauliza mara moja, nikamwonyesha jikoni, akayashika, na sasa neno ni lake. Kwenye "mmoja" anapiga makofi matatu na kunitazama kuona kama nimesikia. Ubeti una kasoro zake, kina cha mwisho kinangoja ndugu zake wa beti zinazofuata, lakini unaimbika na mtoto akiwa anaruka kamba, na kwa sasa hicho ndicho kipimo changu.

Mwalimu wake, binti mdogo mwenye subira kuliko mimi, aliusikia kwa mtoto kabla hajausikia kwangu. Tulipoonana siku ya mahafali aliniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," kisha akaniambia kwamba baada ya chakula cha mchana watoto huchoka na Kiingereza huwatoka chenyewe. Hapo huwaimbia Kiswahili, ila nyimbo alizonazo ni mbili, na wamezichosha. Shule haimkatazi. Hana tu cha kushika mkononi. Ameniomba nyimbo tatu kabla shule hazijafunguliwa Januari: moja ya kunawa mikono, moja ya kupanga mstari, na moja ya kulala mchana. Ya kulala nimekwisha kuitunga. Mbili bado, na Januari haiko mbali. Mwenye nazo azilete, mizani nane, bila wasia.