Maji Yakipwa Nje ya Saa Zake



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia malaria, kuhara na lishe. Mwezi huu tuitazame bahari, hasa sisi wa Bagamoyo, Kaole, Mlingotini na kushuka mpaka Mbweni na Kunduchi, ambao watoto wetu hushinda ufukweni.

Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004, siku moja baada ya Krismasi, ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Kwetu ilikuwa saa 10 kasoro dakika 2 usiku, tumelala. Tetemeko hilo, lenye ukubwa wa 9.1, liliinua sakafu ya bahari, na maji yaliyosukumwa yakaenda kila upande kwa mwendo wa ndege. Mji wa Banda Aceh ulifagiliwa. Katika nchi zaidi ya kumi walikufa watu wapatao 230,000.

Sisi tuko zaidi ya kilomita 6,000 kutoka huko, hivyo mawimbi yalitufikia mchana yakiwa yamepungua nguvu. Hata hivyo Tanzania ilipoteza watu wasiopungua 10, wengi wao wakiogelea katika fukwe za Dar es Salaam siku ya mapumziko. Somalia walikufa karibu 300. Kenya, watu waliondolewa ufukweni mapema, na alikufa mtu mmoja.

Hebu zitafakari saa hizo, mama. Kati ya tetemeko na wimbi ulipita muda wa saa 9 hivi: muda wa kuchemsha chai, kuwavika watoto, kwenda ibadani na kurudi. Lakini Bahari ya Hindi haikuwa na mpango wowote wa kutoa tahadhari. Sasa upo, na kwetu tahadhari hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitangaza, usimtume mtoto pwani kwenda kutazama!

Wako watakaosema hilo lilikuwa jambo la mara moja. Mwaka 2020 wataalamu, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa taarifa ya mifupa ya watu iliyopatikana Pangani ndani ya tabaka la mchanga wa kale, pamoja na vigae na shanga. Watu hao hawakuzikwa kwa desturi. Wataalamu wanaamini walizama katika wimbi kubwa miaka 1,000 hivi iliyopita. Pangani si mbali na sisi.

Tetemeko la mbali namna hiyo hatulisikii. Tunaloweza kuliona ni bahari yenyewe. Mara nyingi maji hutoka kwanza, yakaacha miamba na samaki wakitapatapa. Hapo ndipo hatari ya kwetu ilipo, kwa sababu kupwa kwa maji sisi ni neema: ndiyo saa ya kuokota chaza, kutafuta pweza na kutazama mwani. Mtoto akiona maji yametoka, hukimbilia huko. Kwa hiyo mfundishe saa za maji, bamvua na maji mafu, kama wanavyozijua akina mama wa mwani. Maji yakitoka ghafla nje ya saa zake, aache ndoo na viatu, akimbie nyuma ya mji, upande wa barabara ya Msata, au apande ghorofa imara. Asirudi baada ya wimbi la kwanza. Mengine hufuata kwa saa kadhaa, na huweza kuwa makubwa zaidi. Pengine maji hayatangulii kutoka, huja tu.

Kisiwa cha Simeulue kilikuwa karibu kabisa na tetemeko lile. Wimbi la mwaka 1907 liliwaua wengi huko, na tangu hapo wazee na mabibi walilisimulia kwa hadithi na kwa nyimbo za kubembelezea watoto. Mwaka 2004 watu wote walikimbilia milimani. Kati ya watu 78,000 hivi, walikufa 7.

Na aliyezama je? Sisi wauguzi bado tunaona mtoto akiningʼinizwa miguu juu au kukamuliwa tumbo ili maji yatoke. Huko ni kupoteza dakika. Mlaze chali, inua kidevu, na kama hapumui mpulizie pumzi 5 mdomoni. Asipozinduka, kandamiza kifua katikati mara 30, pumzi 2, uendelee hivyo mpaka msaada ufike. Akizinduka, mpeleke hospitali siku hiyohiyo hata kama anacheka, kwani maji yaliyoingia mapafuni huweza kumzidia usiku.